Kiurdu Ughaibuni: Lugha ya Heshima na Lugha ya Nyumbani miongoni mwa Wapakistani wa Uingereza

1.0 Utangulizi

Jina la jamii na jina la lugha huchukuliwa mara nyingi kuwa kitu kimoja, hivi kwamba kila Mpakistani hudhaniwa kuwa mzawa wa Kiurdu. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haiafikiani na hali halisi, na kwamba wanaoumizwa nayo zaidi ni watoto walioko shuleni. Mfano unaotumika ni Wapakistani waishio Uingereza.

2.0 Chanzo cha hali hiyo

Kiurdu ni lugha ya kundi la Kihindi-Kiarya iliyostawi hasa Delhi, Lucknow na Deccan. Kisarufi ni pacha wa Kihindi. Hutofautiana nacho zaidi katika msamiati wa kitaaluma na katika maandishi, kwani huandikwa kwa hati ya Kiarabu iliyopitia Uajemi. Pakistan ilipoundwa mwaka 1947, Kiurdu kilifanywa lugha ya taifa ijapokuwa wazawa wake walikuwa wachache. Hata katika sensa ya mwaka 2017, ni asilimia 7 hivi tu ya wananchi waliokitaja kuwa lugha yao ya kwanza, ilhali Kipunjabi kilitajwa na asilimia 39 hivi. Uamuzi huo ulileta maafa upande wa mashariki: tarehe 21 Februari 1952 waandamanaji waliuawa huko Dhaka wakidai Kibengali nacho kitambuliwe. Upande wa magharibi Kiurdu kilishika nafasi ya lugha ya shule, magazeti na ushairi.

Wengi wa wahamiaji waliokwenda Uingereza walitoka wilaya ya Mirpur. Ujenzi wa bwawa la Mangla katika miaka ya 1960 uliwahamisha watu zaidi ya 100,000, na wengi wakawafuata jamaa zao waliokwisha kupata kazi viwandani Bradford na Birmingham. Lugha yao ya nyumbani ilikuwa Kipahari, ambacho wengine hukiita Kimirpuri au Kipothwari, lugha isiyo na maandishi sanifu.

3.0 Mgawanyo wa dhima

Mwaka 1959 Charles Ferguson alieleza dhana ya daiglosia, yaani hali ya lahaja mbili za lugha moja kugawana dhima za juu na za chini. Mwaka 1967 Joshua Fishman aliipanua ihusu pia lugha tofauti. Hali ya watu wa Mirpur yaelekea huko: Kipahari ni cha jikoni na barazani, Kiurdu ni cha barua, gazeti na mushaira, yaani kikao cha kughani mashairi, Kiarabu ni cha Kurani, Kiingereza ni cha kazini na shuleni. Hali hii si ngeni kwa msomaji wa Afrika Mashariki, ambako wengi wakizungumzao Kiswahili wana lugha nyingine waliyonyonya kwa mama zao.

4.0 Sensa na shule

Katika sensa ya England na Wales ya mwaka 2021, watu wapatao milioni 1.59 walijitambulisha kuwa Wapakistani, bali waliotaja Kiurdu kuwa lugha yao kuu walikuwa 270,000 hivi. Tofauti hiyo yatokana kwa sehemu kubwa na Kiingereza kuwa lugha kuu ya kizazi kilichozaliwa huko. Hata hiyo 270,000 yahitaji tahadhari, kwa maana mtu azungumzaye Kipahari aweza kuandika Kiurdu, kwa kuwa ndicho chenye jina na hadhi.

Ripoti ya Swann ya mwaka 1985 ilisema kwamba kudumisha lugha za nyumbani ni jukumu la jamii zenyewe, si la shule. Lakini lugha hizo zaweza kufundishwa sekondari miongoni mwa lugha za kigeni. Kiurdu kikapata darasa na mtihani. Kipahari hakikupata kitu.

Athari zake huonekana hata katika neno dogo. Kihusishi cha umilikaji katika Kiurdu ni *ka* au *ki*, nacho, kama *-a* ya Kiswahili, hupatana na nomino inayomilikiwa. Katika Kipahari ni *na* au *ni*. Mwalimu asiyelijua hilo atamhukumu mtoto kuwa anaboronga Kiurdu, kumbe mtoto anafuata barabara sarufi ya bibi yake.

5.0 Hitimisho

Kiurdu ughaibuni ni urithi wa kujifunza zaidi kuliko wa kuzaliwa nao, na thamani yake haipungui kwa sababu hiyo. Linalohitajika ni kutenganisha maswali mawili: mtoto huzungumza lugha gani na wazee wake, na jamii yake ingependa asome lugha gani. Yakichanganywa, mtoto hufunzwa kuionea haya lugha aliyonayo kabla hajaimudu ile anayotakiwa kuwa nayo. Na mwishowe aweza kubaki na Kiingereza peke yake.