Kampuni zakimbilia mahindi, mbegu ya maharage yabaki kwa mkulima

Mvua zinapokaribia, rafu za maduka ya pembejeo hujaa pakiti za mahindi chotara, nyanya na kabichi. Mbegu ya maharage huonekana kwa nadra, ingawa zao hili hulimwa kuanzia Kagera hadi Mbeya. Wakulima wengi huitoa ghalani mwao, kwa jirani au gulioni.

Sababu kubwa ni ya kibiashara. Ua la maharage hujichavusha lenyewe, hivyo punje iliyovunwa huzaa mmea unaofanana na mzazi wake. Mkulima akinunua mara moja hutunza mbegu yake misimu kadhaa. Kwa mahindi chotara mambo ni kinyume: ukipanda uliyovuna, mimea hutofautiana na mavuno hushuka, kwa hiyo dukani utarudi tu. Tena ekari ya mahindi hutosheka na takriban kilo 10 za mbegu, ilhali ya maharage huhitaji mara tatu au zaidi. Kwa kampuni, huo ni mzigo mzito kusafirisha kwa mteja asiyerudi.

Pengo hilo ndilo soko. Tanzania inaruhusu mkulima au kikundi kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa ubora. Mzalishaji husajiliwa, huanza na mbegu iliyothibitishwa, na shamba lake hukaguliwa chini ya usimamizi wa TOSCI, taasisi ya uthibiti wa mbegu. Gharama za ukaguzi ni nafuu, lakini soko la mbegu hiyo halivuki mipaka ya eneo la mzalishaji.

Kenya ilishika mkondo mkali zaidi. Kuuza au kubadilishana mbegu isiyosajiliwa kuliweza kumfikisha mkulima jela hadi miaka 2 au kumtoza faini ya hadi shilingi milioni 1. Wakulima 15 walikwenda mahakamani mwaka 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Machakos ikabatilisha vifungu hivyo.

Ruhusa peke yake haiuzi mbegu. Ubora ndio unaouza. Ugonjwa wa chule na virusi husafiri ndani ya punje, kwa hiyo mzalishaji makini huteua mimea yenye afya ikiwa bado shambani. Baada ya kuvuna, adui ni unyevu: kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huongeza uhai wa mbegu takriban maradufu. Njia rahisi ya kupima ni kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani. Fukusi nao hudhibitiwa kwa mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa, teknolojia iliyoanza na kunde za Cameroon miaka ya 1980.

Turubai za kuanikia, mifuko na ukaguzi vina gharama, na mkulima hatazilipa ikiwa mbegu itauzwa kwa bei ya maharage ya chakula. Tofauti ya bei hizo mbili ndiyo itakayoamua kama vikundi vya wazalishaji vitadumu.