Kiswahili hakishindwi na nyota

Majuzi nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili karibu na mji wa Kericho. Nilipomaliza, binti mmoja wa Kidato cha Tatu aliinuka akauliza: “Prof, mimi nataka kusomea fizikia ya nyota. Kiswahili si kitaniacha njiani?” Wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana swali hilo huulizwa hata na watu wazima wenye shahada zao.

Nilimkumbusha habari ya Uhuru. Mnamo Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Marjorie Townsend, Mmarekani aliyesimamia mradi huo, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Orodha yake ya nne ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza uchunguzi huo, alituzwa Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

“Lakini Prof, hilo ni jina tu,” binti akasisitiza.

Kweli. Jina halitoshi, twahitaji istilahi. Hebu tuzitazame, mpenzi msomaji. Kundinyota ni nyota ambazo, zikitazamwa kutoka duniani, huonekana kuchora umbo fulani, hata kama zimeachana mbali mno. Fungunyota ni nyota zilizokusanyika pamoja na kushikiliwa na mvutano wao wenyewe. Wengi huyachanganya maneno haya. Fungunyota likiwa la mviringo kama mpira na lenye malaki ya nyota, huitwa fungunyota tufe. Tufe ni lile lile wanalorusha wanariadha wetu. Nayo galaksi yenye umbo linalokaribia yai ni galaksi duaradufu.

Sasa tuzitie kazini. Katika galaksi duaradufu, vyanzo vingi vya eksirei hupatikana ndani ya mafungunyota tufe. Kwa nini? Wafikirie wachumaji wa majani chai. Wakiwa wametawanyika shambani, ni nadra kugongana. Wakibanana kwenye kituo cha kupimia majani, huwezi kugeuka bila kumkanyaga mwenzio. Ndani ya fungunyota tufe nyota zimesongamana vivyo hivyo. Nyota nyutroni, yaani kiini kizito kinachobaki nyota kubwa inapolipuka, hupata mwenzi kwa urahisi, kisha humnyonya gesi. Gesi hiyo ikiporomokea juu yake hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei.

Binti alitabasamu: “Kumbe ni mambo ya kituo cha majani!”

Naam. Sikumweleza kwa Kiingereza hata sentensi moja, na alielewa. Lugha haidumai kwa sababu ya ufukara wake, hudumaa kwa kutotumiwa. Walimu wenzangu wa Kericho na Bomet, kila muhula wapeni wanafunzi japo insha moja ya sayansi kwa Kiswahili, badala ya ajali za barabarani na harusi za kila mwaka. Huenda atakayetuandikia kitabu cha nyota anasubiri tu kuambiwa kwamba inawezekana.