Neno "Ametulia" na Uhai wa Mtoto Mchanga

Mama akishuka kutoka Othaya hadi mjini Nyeri na mtoto wa siku tano, akaulizwa hali yake, huenda akajibu: "Ametulia." Kwa mama hiyo ni sifa. Tabibu yampasa ashtuke. Utafiti wa nchi sita uliochapishwa mwaka 2008 ulitaja dalili saba za ugonjwa mkali kwa wasiotimiza miezi miwili. Mojawapo ni mtoto kutojongea mpaka aguswe.

Kule Kilifi, Daktari James Berkley na wenzake walichunguza damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002. Miongoni mwa wachanga 1,783 wasiotimiza siku 60, 228 walikuwa na bakteria damuni. Lakini kipimo hicho hungoja vijidudu vikue maabarani, siku moja au zaidi, na mtoto huyu hana muda huo. Dawa huanzishwa kwa dalili, na baadhi ya dalili hupitia kinywani mwa mama.

Mbona basi wauguzi wa Karatina, Embu na Meru hufunzwa maswali hayo kwa Kiingereza, ilhali watayauliza kwa Kikuyu, Kiembu au Kimeru, kila mmoja akijitafsiria papo hapo? Rai yangu ni kwamba vyuo viyaandike maswali hayo kwa lugha hizo, na hili la utulivu liulizwe hivi: "Usipomgusa, hujongea?"