Mtoto na Maana ya Namba

Mtoto wa miaka mitatu au minne, akifuatana na mama yake katika mitaa ya Kariakoo, aweza kutaja namba kutoka moja hadi kumi pasipo kukosea. Lakini akiwekewa rundo la vizibo vya soda na kuambiwa atoe vitano, mara nyingi huchota tu vilivyojaa kiganjani. Kutaja majina ya namba kwa mfuatano ni jambo moja. Kujua kwamba neno la mwisho lililotajwa ndilo idadi ya vitu vyote ni jambo jingine, gumu zaidi.

Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi (1896–1980), alipanga safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha akaitandaza moja. Watoto wengi wasiotimiza miaka sita au saba walisema safu iliyotandazwa ndiyo yenye vitu vingi. Jambo hili laweza kujaribiwa kwa mafungu ya nyanya sokoni. Piaget alihitimisha kwamba mtoto wa umri huo hajatambua kuwa idadi haibadiliki kwa kupangwa upya.

Katikati ya miaka ya 1970, James McGarrigle na Margaret Donaldson wa Scotland walilitilia shaka hitimisho hilo. Safari hii aliyeivuruga safu alikuwa dubu wa kuchezea, mtundu, kana kwamba kwa ajali. Watoto wengi zaidi wakajibu sawasawa. Huenda basi kosa lilitokana na namna ya kuuliza: mkubwa akirudia swali lile lile, mtoto hudhani jibu lake la kwanza halikukubalika. Katika jamii ambamo kumbishia mkubwa ni utovu wa adabu, mwalimu hana budi kulizingatia sana jambo hilo kabla hajamwita mtoto mjinga.

Lugha nayo husaidia, kisha hutega. “Kumi na tatu” ni jina linalojieleza: kumi, kisha tatu. Bali “ishirini” halionyeshi mbili ndani yake, wala “thelathini” halifanani na tatu. “Makumi mawili” lingalikuwa wazi zaidi. Tena mtoto aliyezoea kuandika asikiavyo huandika 103 akikusudia kumi na tatu: kwanza 10, halafu 3. Hajabahatisha. Ameandika kila neno alilolisikia. Asichojua bado ni kwamba mahali pa tarakimu pana thamani yake.

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulitilia mkazo kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika hayo matatu, thamani ya mahali ndiyo inayopitwa kwa haraka mno, na alama nyekundu ya kosa haiifundishi. Njiti huifundisha: mtoto huhesabu kumi, huzifunga kwa uzi kuwa kitita kimoja, kisha huweka tatu kando. Kitita huandikwa 1 kushoto, njiti zilizobaki 3 kulia. Akiulizwa sifuri ya kumi imekwenda wapi, huinua zile njiti tatu na kuonyesha kwamba zimekaa mahali pake.