Michango ya kampeni: Kile New York inachokiona na Nairobi isichokiona

Wakazi wa Nairobi wanatarajiwa kupiga kura tarehe 10 Agosti 2027 kumchagua gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, wabunge wa majimbo 17 na wawakilishi wa wadi 85. Kabla ya siku hiyo, fedha nyingi zitakuwa zimekwisha kutumika katika mabango, magari ya vipaza sauti, fulana, mafuta na posho za mawakala. Ni nani aliyezitoa? Kwa jiji ambalo sensa ya 2019 ililihesabu kuwa na watu wapatao milioni 4.4, swali hilo halina jibu ambalo mwananchi anaweza kulithibitisha.

Si kwamba Kenya haina sheria. Katiba ya 2010, katika ibara ya 88, inaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, jukumu la kudhibiti kiasi cha fedha kinachotumiwa na mgombea au chama. Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi ilipitishwa mwaka 2013. Inawataka wagombea wawe na akaunti maalumu ya kampeni, na inakataza michango isiyo na jina pamoja na fedha kutoka serikali za kigeni. Hata hivyo, utekelezaji wake ulisogezwa mbele hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 IEBC ilitangaza ukomo wa matumizi, ukiwamo wa shilingi bilioni 4.4 kwa mgombea urais, lakini Bunge la Taifa likazikataa kanuni hizo na uchaguzi wa 2022 ukafanyika bila ukomo wowote. Wabunge waliopiga kura hiyo wenyewe walikuwa wagombea watarajiwa.

Ili kuelewa kinachokosekana Nairobi, yafaa kulitazama jiji ambalo daftari la michango liko wazi kwa kila mtu. Jiji hilo ni New York, ambalo mnamo Novemba 2025 lilimchagua kuwa meya Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala.

Mstari mmoja, habari nyingi

Mfumo wa New York ulizaliwa na kashfa. Katikati ya miaka ya 1980 viongozi kadhaa wa jiji hilo walikumbwa na tuhuma za rushwa, na mwaka 1988 ikaundwa Bodi ya Fedha za Kampeni. Bodi hiyo hupokea taarifa za kila mgombea na kuziweka katika hifadhidata ambayo mtu yeyote, awe mwandishi wa habari, mwanafunzi au mpinzani wa mgombea, anaweza kuipakua bila malipo.

Kila mchango ni mstari mmoja. Mstari huo huonyesha jina la mchangiaji, mji, msimbo wa posta, kazi yake, mwajiri wake, tarehe na kiasi. Kuna pia safu inayomtaja mkusanyaji, yaani mtu aliyewachangisha wenzake na kupeleka fedha kwa niaba yao. Safu ya kiasi ambacho mgombea anaomba kiongezewe na jiji. Na safu ya tarehe ya kurejeshwa kwa mchango, kama ulirejeshwa. Safu hii ya mwisho huwaponyoka wengi. Anayejumlisha michango bila kutoa iliyorejeshwa atampa mgombea fedha ambazo hanazo tena.

Jiji huongeza fedha za umma juu ya michango midogo ya wakazi wake. Mwanzoni dola moja ilipata dola moja. Kiwango hicho kilipanda hadi nne, kisha sita, na tangu wananchi walipopiga kura ya kurekebisha mkataba wa jiji mwaka 2018, mgombea anaweza kuchagua mfumo wa dola nane kwa kila dola moja. Kwa nafasi ya umeya, kinachoongezewa ni dola 250 za kwanza tu za kila mchangiaji, na mchangiaji mmoja haruhusiwi kutoa zaidi ya dola 2,100. Ili kustahili, mgombea umeya hana budi kwanza kukusanya angalau dola 250,000 kutoka kwa wakazi wasiopungua 1,000.

Hesabu yake inafaa kufanywa taratibu, kwa maana ndiyo inayoeleza tabia ya wagombea. Chukua wagombea wawili wanaostahili, kila mmoja akiwa amekusanya dola 21,000 kutoka kwa wakazi wa jiji. Wa kwanza amechangiwa na watu kumi, kila mmoja dola 2,100. Jiji litaongeza dola 2,000 kwa kila mtu, yaani 20,000, na atakuwa na jumla ya dola 41,000. Wa pili amechangiwa na watu 420, kila mmoja dola 50. Jiji litaongeza dola 168,000, naye atakuwa na dola 189,000. Kwa mpangilio huo, saa moja ya kugonga milango inaweza kuwa na faida kuliko chakula cha jioni na matajiri.

Wastani unavyoweza kudanganya

Wagombea hupenda kujisifu kwa wastani. Lakini iwapo watu tisa wametoa dola 10 kila mmoja na wa kumi ametoa 2,100, wastani ni dola 219, kiasi ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekitoa. Mchango wa katikati, pale michango inapopangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa, ni dola 10. Mchambuzi makini hutoa takwimu zote mbili, kisha huongeza ya tatu: ni sehemu gani ya fedha zote ilitoka kwa wachangiaji wakubwa wachache. Katika mfano huu, mtu mmoja ametoa karibu asilimia 96.

Kuna pia tatizo la majina. Mohamed, Mohammed na Muhammad wanaweza kuwa watu watatu au mtu mmoja aliyejaza fomu mara tatu. Kampuni moja huandikwa kwa kirefu hapa na kwa kifupi pale, na wengine huandika tu kwamba wamejiajiri. Kompyuta haitambui hayo yenyewe. Kazi ya kusafisha jedwali mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko uchambuzi wenyewe, na kosa moja hapo laweza kumfanya mtu asiye na hatia aonekane amevuka ukomo.

Misimbo ya posta hutoa picha ya aina nyingine. Mwaka 2012 watafiti wa Brennan Center na Campaign Finance Institute walilinganisha wachangiaji wadogo wa baraza la jiji katika uchaguzi wa 2009 na wale wa bunge la jimbo katika uchaguzi wa 2010, ambako hakukuwa na fedha za nyongeza. Waligundua kuwa karibu asilimia 90 ya vitongoji vya sensa vya jiji vilikuwa na angalau mchangiaji mmoja mdogo wa baraza la jiji, ilhali kwa bunge la jimbo ni takriban asilimia 30 tu. Wakazi walikuwa ni walewale. Kilichobadilika ni thamani ya dola zao machoni pa mgombea.

Majina ya kuazima

Penye fedha za umma hapakosi wa kuzivizia. Mtu mwenye dola 2,500 anaweza kuzigawa kwa majina kumi ya wafanyakazi au jamaa zake, dola 250 kila mmoja. Anakwepa ukomo, na wakati huohuo anailazimu hazina ya jiji kuongeza dola 20,000. Hili ni kosa la jinai.

Ishara zake huonekana kwenye jedwali: michango ya kiasi kilekile, siku ileile, kutoka kwa watu wa mwajiri mmoja ambao kazi zao ni za kipato kidogo. Lakini ishara si ushahidi. Wahudumu wa mgahawa mmoja wanaweza kweli kumpenda mgombea mmoja na kuchanga siku alipowatembelea. Ndiyo maana hatua inayofuata haifanyiki kwenye kompyuta. Mwaka 2011 waandishi wa gazeti la New York Times walikwenda kwenye nyumba na sehemu za kazi za watu waliotajwa kumchangia John Liu, wakati huo mdhibiti wa hesabu wa jiji, na baadhi yao walisema hawakutoa chochote. Mwaka 2013 mweka hazina wake na mchangishaji mmoja walitiwa hatiani, na Bodi ikamnyima Liu fedha za nyongeza katika mbio za umeya. Yeye mwenyewe hakushtakiwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuja Septemba 2024, pale meya aliyekuwa madarakani, Eric Adams, aliposhtakiwa na waendesha mashtaka wa shirikisho kwa madai yaliyojumuisha michango ya majina ya kuazima na fedha kutoka nje ya nchi. Alikana. Desemba mwaka huo Bodi ilikataa kumpa fedha za nyongeza. Aprili 2025 Jaji Dale Ho aliyafuta mashtaka hayo baada ya Wizara ya Sheria kuomba hivyo, kwa namna ambayo hayawezi kurejeshwa tena. Mahakama na Bodi hupima mambo kwa mizani tofauti, na yaliyoishia mahakamani hayakumrudishia Adams fedha za kampeni. Septemba 2025 alijiondoa katika kinyang'anyiro.

Hata daftari la New York lina tundu, tena kubwa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 2010, makundi yanayojitegemea yanaweza kutumia fedha bila ukomo mradi yasishirikiane na mgombea. Katika mchujo wa chama cha Democratic wa Juni 2025, Mamdani aliwaomba wafuasi wake wasitishe michango kwa sababu alikuwa amekaribia ukomo wa matumizi, takriban dola milioni 7.9. Upande wa pili, meya wa zamani Michael Bloomberg peke yake alilipa kundi lililomuunga mkono Andrew Cuomo dola milioni 8.3, zaidi ya ukomo wa kampeni nzima ya mpinzani. Cuomo alishindwa. Hata hivyo, wapiga kura walijua habari za fedha hizo kabla ya kupiga kura, kwa sababu makundi hayo nayo hulazimika kuwataja wafadhili wao.

Nusu ya jedwali

Nairobi haiwezi kuiga hayo kwa kunakili fomu. Siasa za Marekani huchukulia kwamba fedha hutoka kwa mwananchi kwenda kwa mgombea. Nairobi, kama ilivyo katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mara nyingi huelekea kinyume: mgombea ndiye anayetarajiwa kuchangia harambee, mazishi na karo. Utafiti wa Westminster Foundation for Democracy na taasisi ya NIMD ya Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2021, ulikadiria kuwa mgombea ubunge wa Kenya alitumia wastani wa shilingi milioni 18.2 na mgombea useneta milioni 35.5. Watafiti walizipata takwimu hizo kwa kuwauliza wagombea, kwa kuwa hakuna daftari la kufungua.

Bado kuna kipengele kimoja ambacho Nairobi tayari inacho. New York huwawekea wanaofanya biashara na jiji ukomo mdogo zaidi, dola 400 kwa mgombea umeya, na michango yao haiongezewi chochote. Ukomo huo hutekelezwa kwa kulinganisha orodha mbili, ya wachangiaji na ya wenye mikataba. Kenya imeagiza tangu 2018, kwa amri ya rais, taarifa za zabuni za serikali zichapishwe. Orodha ya wanaopata mikataba ipo, japo ina mapengo; orodha ya wanaochangia ndiyo haipo. Aidha, michango mingi midogo ikipitia simu za mkononi, huacha alama ambayo fedha taslimu haziachi.

Lipo pingamizi ambalo halipaswi kupuuzwa. Mfanyabiashara mdogo wa Gikomba ambaye jina lake litaonekana kwenye orodha ya mpinzani wa gavana anaweza kuhofia leseni yake. New York hupunguza hatari hiyo kwa kutochapisha mtaa na namba ya nyumba, ila jina na mwajiri hubaki hadharani. Kenya, yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, ingeweza kuamua kuchapisha majina ya wanaotoa zaidi ya kiwango fulani tu na kuwaacha wadogo wahesabiwe bila kutajwa. Tanzania nayo ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010, iliyo chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa, na mjadala wa nani aone nini unaihusu vilevile.

Kwa Nairobi, kalenda ndiyo inayobana. Sheria ya 2013 inaitaka IEBC itangaze ukomo wa matumizi angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 10 Agosti 2027, hiyo ni Agosti 2026, na kanuni zitakazoambatana nao zitapita tena mbele ya Bunge lilelile lililowahi kuzikataa.