Zulia jipya juu ya zulia kuukuu

Kila ukaribiapo mwezi wa Ramadhani, misikiti mingi ya pwani hupata neema ya mazulia. Mfadhili huleta, au waumini wenyewe huchanga, na zulia likafika mlangoni limekunjwa. Hapo ndipo swali huzuka: lile kuukuu liondolewe kwanza, au jipya litandikwe juu yake na kazi iishe kabla ya Isha?

Katika mji kama Minjila swali hili si dogo. Minjila imekaa penye njia panda, pale barabara ya Malindi kwenda Garissa inapoachana na ile ya Garsen, Witu na Lamu. Mfugaji wa Kiorma, mkulima wa Kipokomo, mfanyabiashara wa Lamu na abiria wa basi, wote huswali safu moja. Kila mmoja hutia udhu na kuingia na miguu ingali na maji. Wakati wa kiangazi huja vumbi, masika huja tope. Na Mto Tana nao una desturi yake: wenyeji wa delta hawajasahau mafuriko ya 1961, ya El Niño ya 1997 na 1998, ya 2018, wala yale yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yakaendelea hadi 2024. Palipopita unyevu wa namna hiyo, haifai kutandika kitu kabla ya kujua kilichoko chini.

Wanaotaka jipya litandikwe juu wana hoja zao, nasi tusizidharau. Husema kwamba kazi huwa nyepesi na gharama hupungua. Husema pia kuwa magoti ya wazee hupata ulaini. Na wengine, hasa watu wazima, huona haya kulitoa nje zulia ambalo watu wamelisujudia miaka kumi, likaonekana jaani kama tambara.

Tena wanaweza kusema kwamba kutandika kitu juu ya kitu si jambo geni pwani. Wazee wetu walitandika jamvi la miyaa chini, mkeka wa ukindu juu yake, na mwenye msala wake akautandika juu ya mkeka. Ni kweli. Lakini na tukumbuke jinsi walivyofanya. Mkeka wa ukili hupitisha hewa. Siku ya kusafisha ikifika, watu wawili waliukamata huku na huku, wakaukung'uta uwanjani, wakauanika juani. Jamvi nalo likatoka, sakafu ikafagiwa, ndipo vyote vikarudi. Matabaka mawili hayakuwadhuru kwa kuwa yote mawili yaliona jua. Ubaya uko katika tabaka lisiloinuliwa tena.

Zulia la siku hizi hukatwa likaenea ukuta hadi ukuta, na mara nyingi hugandishwa kwa gundi. Likitandikwa jingine juu yake, maji ya miguu, jasho na unyevu wa sakafu hukosa pa kutokea. Ukungu huweza kuanza kuota katika siku moja au mbili kitu kikibaki kimelowa. Humo pia hustawi vidudu vya vumbi, vidogo hata jicho halivioni, ambavyo uchafu wake huamsha pumu na chafya. Mchwa nao hawabishi hodi.

Hebu tuhesabu. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida mbili. Basi mwenye kuswali msikitini hulaza paji na pua yake juu ya zulia lile mara 34 kwa siku, mbali na sunna na Tarawehe. Hakuna pahali pengine ambapo mtu mzima huvuta pumzi karibu na sakafu kiasi hicho.

Ama upande wa sheria, katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, mtu akitandika kitu safi juu ya pahali penye najisi, swala yake yasihi, ila ni makuruhu. Kwa hiyo anayesema swala za juu ya zulia jipya hazisihi amepita mpaka. Lakini wanavyuoni hao hao wametaka paji la uso likandamizwe hadi uzito wa kichwa uingie katika kile kinachosujudiwa. Juu ya matabaka mawili yenye sponji, mwenye kugusa tu yampasa ajiangalie.

Na ile haya ya kulitupa zulia kuukuu ina jibu lake. Zulia la msikiti ni wakfu, na Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Minhaji kwamba kauli iliyo sahihi zaidi ni kujuzu kuuza mikeka ya msikiti ikishachakaa na isiwe na faida tena. Wanavyuoni huelekeza thamani yake irudi kwa msikiti. Kulifukia zulia chini ya jingine si kulihifadhi wala si kulitumia. Ikiwa lingali na nguvu, kadhi au shekhe wa mji aulizwe kama vipande vyake vyafaa kwenda barazani au madrasa.

Tena ukuukuu peke yake si aibu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumbani kwa Anas bin Malik ulitolewa mkeka uliokuwa umegeuka mweusi kwa kutumika siku nyingi. Ulinyunyiziwa maji, na Mtume (S.A.W.) akaswali juu yake. Huenda basi zulia la msikiti likahitaji kuoshwa na kuanikwa tu.

Kamati ikiamua kutandika jipya, na ianze Shaabani badala ya kungoja mwandamo wa Ramadhani. Lile la kwanza litolewe lote, sakafu ifagiwe, nyufa zizibwe. Kisha nailoni ya mita moja ibandikwe kingo zote sakafuni ikae usiku na mchana. Ikionyesha matone kwa ndani, sakafu ingali yapandisha maji, na zulia lingoje. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mfadhili aelezwe haya kwa upole. Akiambiwa asubiri wiki moja sakafu ikauke, hatapoteza kitu, na zulia lake litaishi miaka mingi zaidi chini ya vipaji vya watu.