Dai la Kwanza Halikuwa Mshahara

Wako watu wanaodhani ya kuwa wafanyakazi huungana kwa ajili ya kuongezewa fedha tu. Wasomaji wapenzi, tuwasimulieni habari ya Polandi, nchi ya Wakatoliki wengi, iliyokuwa miaka ile chini ya Wakomunisti.

Mwezi wa Juni 1976 serikali ilitangaza kupandisha bei ya vyakula. Wafanyakazi wa Radom na wa kiwanda cha matrekta cha Ursus wakagoma. Bei zilirudishwa upesi, lakini wagomaji wengi walipigwa, wakafukuzwa kazini, wengine wakatiwa gerezani. Vyama vya wafanyakazi vilikuwapo, naam, ila vilikuwa mkononi mwa serikali ile ile. Nani basi angewalisha wake na watoto wa waliofungwa?

Septemba mwaka huo watu 14 walianzisha Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi. Kati yao alikuwamo padri mzee, Jan Zieja. Walikusanya fedha, wakatafuta mawakili, wakaenda mahakamani kusikiliza kesi. Mwaka 1977 wakatoa gazeti la siri kwa wafanyakazi, na mwaka 1978 huko Gdańsk, mji wa bandari, kikazaliwa chama huru, kidogo sana.

Katika chama hicho alikuwamo mama Anna Walentynowicz, mwendesha winchi katika kiwanda cha meli. Tarehe 7 Agosti 1980 alifukuzwa, imesalia miezi mitano tu apate pensheni. Tarehe 14 wenzake wakaacha kazi. Siku ya tatu wakubwa walikubali: Anna arudi, mishahara iongezwe. Wengi wakashika njia ya nyumbani. Lakini je, wale wa viwanda vingine, waliogoma ili kuwasaidia? Hao wangeachwa peke yao! Wanawake, Anna mmoja wao, wakakimbilia malangoni kuwasihi watu wasitoke. Kwetu sisi, saa ile ndiyo kubwa kuliko zote. Maelfu walikuwa wamekwisha kwenda, waliobaki walitosha. Kesho yake, siku ya Bwana, Misa ikasomwa langoni.

Ndipo yalipoandikwa madai 21, na la kwanza lilikuwa ruhusa ya kuunda vyama huru. Tarehe 31 Agosti serikali ikatia sahihi. Chama kipya, Solidarność, kikapata watu wapatao milioni 10. Desemba 1981 askari walijaa barabarani, viongozi wakafungwa, na mwaka 1982 chama kikapigwa marufuku. Kiliendelea kwa siri mpaka kilipoandikishwa tena, Aprili 1989.